Uzito wa mwili: usipime kwa macho ya jirani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayechunga nyumba na watoto, tuchukue mfano wa wanaume wawili wa kambi moja. Wote wawili wana urefu wa metre 1,70. Wa kwanza ana kilo 92. Akipita barabarani siku ya mshahara watu wanamwita "bosi", na bibi yake anapongezwa sokoni kwamba anajua kupika. Wa pili ana kilo 55. Yeye anaulizwa kila wiki: "Baba, unaumwa nini? Kazi inakumaliza?" Mama yake mzazi akija kutembea, anamwangalia mkwe wake kwa jicho baya.

Sasa tuwapeleke wote wawili kwa munganga wa kazi. Munganga anapima, anaandika, anafanya hesabu. Jibu lake ni hili: yule wa kilo 55 ana uzito unaomfaa. Yule wa kilo 92 ndiye anayepaswa kurudi wiki ijayo ili apimwe tansio na sukari ya damu.

Namna gani kambi nzima inaweza kudanganyika hivi? Watu wa kambi si wajinga. Macho yao yalifundishwa. Leo tuone nani aliyafundisha, hasara gani inatoka humo, na namna gani ya kupima sawasawa.

MACHO YALIFUNDISHWA NA NJAA

Kila mtu anapima mwili wa mwenzake kwa kumbukumbu za maisha yake. Mahali palipopita njaa, unene ni habari njema: ndani ya nyumba kuna unga, baba ana kazi, hakuna mgonjwa. Kukonda ni habari mbaya. Kwa hiyo anayekuambia "umenona!" hakutukani. Anashukuru Mungu pamoja nawe.

Katika Katanga ya shaba, fundisho hilo ni la zamani. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Wanaume walitoka mbali: Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kati ya 1925 na 1930 wengine walitoka Ruanda-Urundi. Kabla ya kuandikwa kazi, mtu alipimwa na munganga. Mwenye mwili dhaifu alirudishwa. Aliyekubaliwa alipewa posho: unga, nyama au samaki, maharagi, karanga, mafuta ya ngazi, chumvi. Posho ilihesabiwa kama vile makaa ya mashini yanavyohesabiwa, kwa sababu mtu asiyekula hawezi kusukuma gari la mawe. Familia zilipoanza kukaa kambini kwa wingi, watoto nao waliwekwa juu ya mizani. Hivi ndivyo babu zetu walivyojifunza kwamba kilo ni kazi, na kazi ni kilo.

Halafu ikaja miaka ya 1990. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990. Mwaka uliofuata, maduka yaliporwa mijini. Shaba ya nchi, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilipita tani 400.000 kwa mwaka, ilishuka chini ya tani 50.000 mwaka 1994. Mishahara ilichelewa miezi, posho ikakatika, nyumba nyingi zikala mara moja kwa siku. Mtoto aliyekua wakati ule, leo ni baba au mama. Akiona bukari imesimama kama kilima, moyo wake unatulia. Akiona mtoto wake mwembamba, anaona tena miaka ile.

Ugonjwa wa sida uliongeza woga mwingine. Kabla dawa hazijapatikana, wagonjwa wengi walikonda sana mbele ya macho ya jirani. Tangu hapo mtu akipoteza kilo, watu wananong'ona. Lakini leo mwenye virusi anayekunywa dawa zake kila siku anaweza kuwa na mwili mzuri kabisa. Unene hauonyeshi damu safi, na wembamba hauonyeshi damu mbaya. Kipimo cha damu peke yake ndicho kinachosema.

Tena kuna desturi. Kwa Waekonda, katika magharibi ya nchi yetu, mwanamke aliyezaa mtoto wa kwanza anaweza kuwekwa kando, bila kazi nzito, akilishwa vizuri. Siku anapotoka, mwili wake unaonyesha watu wote kwamba ukoo wake umemtunza. Hakuna ubaya katika kumtunza mzazi. Tunataka tu uone kwamba kwa desturi nyingi mwili ni barua ambayo familia inaandikia jirani.

KWINGINE WANASOMA BARUA KINYUME

Ungefikiri kwamba dunia nzima inaona kama sisi. Sivyo. Mwaka 1965, huko Marekani, waganga walitoa hesabu ya watu wa Manhattan, mji wa New York. Kati ya wanawake wa tabaka la chini, 30 kati ya 100 walikuwa na unene wa kupita kiasi. Kati ya wanawake wa tabaka la juu, walikuwa 5 tu kati ya 100. Huko tajiri ndiye mwembamba!

Mwaka 1989, Jeffery Sobal na Albert Stunkard walikusanya uchunguzi 144 wa nchi mbalimbali. Waliona hivi: katika nchi maskini, mwenye mali ndiye mnene, awe mwanaume, mwanamke au mtoto. Katika nchi tajiri, hasa kwa wanawake, mwenye mali ndiye mwembamba.

Sababu ni nini? Ni bei. Mahali ambapo chakula ni kigumu kupata, unene unalipiwa pesa nyingi, basi unakuwa alama ya heshima. Mahali ambapo sukari na mafuta ni rahisi kuliko matunda na samaki, wembamba ndio unaolipiwa pesa: chakula kizuri, nafasi ya kucheza michezo, usingizi wa kutosha. Basi heshima inahamia huko. Katika nchi zote mbili watu wanatazama mwili, lakini wanachotafuta kujua ni mfuko.

Na sisi tusiseme kwamba mambo hayo yako mbali. Mwaka 2004 Carlos Monteiro wa Brazil alionyesha kwamba hata katika nchi ambazo si tajiri, unene unaanza kuhamia kwa maskini, na unaanza kwa wanawake. Angalia mijini mwetu: soda, mikate myeupe, vitumbua vya mafuta, vyote vinauzwa kwa franka chache kila kona. Tena vijana wanaona kwenye simu picha za wasichana wembamba wa nchi nyingine. Ndani ya nyumba moja unaweza kumkuta nyanya anayesema mjukuu wake amekauka, na mjukuu anayekataa kula kwa sababu anajiona mnene. Wote wawili wanatazama mwili mmoja.

KAZI YA USUKANI, SAHANI YA KOLEO

Hapa kazi yetu inaingia. Mtu wa koleo anatumia nguvu mara mbili au tatu kuliko mtu anayekaa kwenye usukani. Zamani wengi walikuwa watu wa koleo. Leo shofere wa lori kubwa la mawe, mtu wa mashini ya kuchimba na mtu wa ofisi wanakaa masaa mengi. Kazi yao ni ngumu kwa akili na kwa macho, lakini mwili hausogei. Tena mara nyingi hao ndio wanaopata mshahara mzuri zaidi.

Basi mtu anapanda cheo, anaacha koleo, anashika usukani. Nyumbani sahani yake inaongezwa, kwa kuwa sasa yeye ni mkubwa. Nyama inaongezwa, bia inaongezwa. Chupa kubwa moja ya bia ina kalori karibu 300. Soda ya santilitri 33 ina sukari karibu gramu 35. Kijiko kikubwa cha mafuta, hata yawe mafuta gani, kina kalori karibu 120. Kwa miaka michache tumbo linatangulia mbele ya mshipi, na jirani wanapiga makofi.

MACHO YAKIDANGANYA, NANI ANALIPA?

1. Mwenye tumbo kubwa analipa kazini. Mafuta yanazuia joto la mwili lisitoke. Chini ya udongo penye joto, moyo wake unapiga mbio kuliko wa wengine. Magoti na mgongo vinaumia kwenye ngazi. Tansio na ugonjwa wa sukari vinaingia kimya, bila maumivu. Tena mtu mnene anayekoroma sana anaweza kuwa anakatika pumzi usingizini mara nyingi bila kujua. Asubuhi anaamka amechoka kama aliyekesha. Akishika lori kubwa, anasinzia kwenye usukani. Hapo si yeye peke yake aliye hatarini.

Na ninyi mnaofanya kazi mahali pa juu: soma kibandiko kwenye mkanda wa usalama. Kimeandikwa uzito ambao mkanda umetengenezewa kushika. Mingi ni ya kilo 100. Hesabu mwili wako, viatu, taa na vyombo vyote pamoja. Ukipita, mwambie mkubwa wako wa kazi akupe mkanda mwingine. Kukaa kimya kwa haya ni hatari.

2. Aliyekonda kwa ugonjwa analipa kwa kuchelewa. Vumbi la mawe linaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo yanashikwa upesi na kifua kikuu. Alama zake ni kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa ya jioni, jasho la usiku, na kilo zinazopungua. Lakini mtu anayeogopa minong'ono anavaa mashati mawili ili aonekane mnene, wala haendi kupimwa. Wakati huo anaambukiza bibi na watoto. Kifua kikuu kinapona kwa dawa, mara nyingi kwa miezi 6, kama hazikatizwi. Na ugonjwa wa sukari nao unaweza kukondesha: mtu mnene anaanza kukonda, anakunywa maji mengi, anakojoa mara nyingi. Jirani wanasema "sasa umependeza", kumbe anaugua.

3. Mtoto analipa kuliko wote. Kuna watoto ambao mashavu na miguu inavimba, na mama anaambiwa: "Mtoto wako amenona!" Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, taratibu, ukihesabu sekunde 3. Kama mashimo yanabaki, hayo si mafuta, ni maji. Hiyo ni bwaki, ugonjwa wa utapiamlo, na inaua. Mpeleke lupitali siku hiyo hiyo. Tena kuna njaa isiyoonekana kabisa: uchunguzi wa taifa wa 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka 5 walikuwa wafupi kuliko umri wao. Wengi wao walishiba bukari. Tumbo lilijaa, lakini mwili ulikosa vya kujengea.

4. Msichana analipa kwa vidonge. Mjini Kinshasa na kwingine, wanawake wengi wamekunywa vidonge vya kunenepesha bila kuandikiwa na munganga, hasa dexaméthasone na cyproheptadine. Ya kwanza ni dawa nzito. Ikinywewa ovyo inavimbisha uso, inapandisha tansio na sukari, inadhoofisha mifupa na kupunguza nguvu ya kupigana na magonjwa. Ya pili ni dawa ya mizio, inayoamsha njaa na kuleta usingizi. Anayezinywa hanunui afya. Ananunua macho ya watu. Na wewe uliyekwisha kuzizoea kwa muda mrefu, usiache ghafula peke yako, maana kuikata dexaméthasone mara moja kunaweza kuangusha mwili. Nenda kwa munganga, sema ukweli, atakupunguzia polepole.

VIPIMO VITATU VISIVYOJUA HESHIMA WALA AIBU

Kipimo cha kwanza: hesabu. Mbelgiji Adolphe Quetelet aliionyesha mwaka 1832, na tangu 1972, baada ya maandiko ya Ancel Keys wa Marekani, waganga wengi wanaitumia. Chukua kilo zako. Gawanya kwa urefu wako wa metre. Jibu, gawanya tena kwa urefu ule ule. Mfano: kilo 92 kugawa kwa 1,70 ni 54,1. Kugawa tena kwa 1,70 ni 31,8. Yule wa kilo 55 anapata 19,0. Sasa soma:

– chini ya 18,5: uzito ni mdogo;
– 18,5 mpaka 24,9: uzito unafaa;
– 25 mpaka 29,9: uzito umezidi;
– 30 na kupita: unene wa hatari.

Hesabu hii ni ya watu wazima. Haifai kwa mwanamke mwenye mimba wala kwa mtoto. Na mtu mwenye misuli mikubwa ya kazi inaweza kumsingizia unene. Kwake tumia kipimo cha pili.

Kipimo cha pili: kamba. Huna mizani? Chukua kamba, ikate sawa na urefu wako toka kisigino mpaka utosini. Ikunje katikati. Nusu hiyo izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta pumzi ndani. Ncha zikikutana, ni vizuri. Zisipokutana, tumbo limezidi, na mafuta ya tumboni ndiyo mabaya kuliko ya mapaja na makalio. Kwa santimetre: kwa mwanaume hatari inaanza kupita 94 na inakuwa kubwa kupita 102, kwa mwanamke inaanza kupita 80 na inakuwa kubwa kupita 88.

Kipimo cha tatu: mkono wa mtoto, toka miezi 6 mpaka miaka 5. Kwenye kituo cha afya wana utepe wa rangi. Wanauzungusha katikati ya mkono wa juu wa kushoto. Kupita santimetre 12,5 ni kijani. Kati ya 11,5 na 12,5 ni manjano, mtoto anahitaji msaada. Chini ya 11,5 ni nyekundu, asirudi nyumbani bila kuonwa na munganga.

Na kwa wote, shika sheria hii: andika kilo zako nyuma ya kadi yako ya afya kila mara unapopimwa. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 au zaidi ndani ya miezi 6 bila kutaka, aende kupimwa, hata kama bado anaonekana mnene.

SUFURIA MOJA, MFUKO MDOGO

Utasema: "Haya ni maneno ya wenye pesa." Ni kweli, mfuko unaamua mengi. Hakuna anayeweza kumpa mama sahani ya waganga kwa franka za bukari na sombe. Lakini katika sufuria ile ile kuna nafasi ya kuchagua.

Maharagi na bukari vikiliwa pamoja vinajenga mwili vizuri, na maharagi ni rahisi kuliko nyama. Ndakala kidogo zilizosagwa katika uji wa mtoto, au karanga zilizotwangwa, zinamsaidia kuliko kuongeza unga. Lengalenga na matembele yanaota hata nyuma ya nyumba. Mafuta ya ngazi ni mazuri, lakini kwa mwenye tumbo kubwa kijiko kimoja kinatosha mahali pa vitatu. Bei ya soda ya kila siku, kwa wiki moja, inaweza kuwa bei ya mayai ya watoto.

Na gawanya sahani kufuatana na mwili wa kila mtu, usifuate cheo. Mara nyingi baba anayekaa kwenye usukani anapewa kipande kikubwa cha samaki, na mama mwenye mimba anakula mchuzi. Mtoto wa miaka 2 anapewa kichwa. Geuzeni. Anayejenga mwili ndiye mwenye haki ya kwanza ya samaki. Baba wa ofisi ashuke basi kituo kimoja kabla, amalize kwa miguu. Hiyo hailipiwi.

CHUNGA NA MDOMO WAKO

Baba, bibi yako akipunguza mafuta katika mchuzi kwa kuwa munganga amekuambia hivyo, usiseme mbele ya wageni kwamba anakunyima chakula. Mama, mkwe wako akiwa mwembamba na mwenye nguvu, mwache. Ninyi wa kikosi kimoja, mwenzenu akikonda msimcheke wala msinong'one, mwambieni: "Ndugu, twende wote kwa munganga." Akinenepa, msimwite "bosi" mpaka tumbo limuue, wala msimtukane. Aibu haijapunguza kilo ya mtu yeyote. Mtu mwenye aibu anajificha, na aliyejificha hapimwi.

Babu zetu walipimwa na wengine, ili wajulikane kama wanafaa kwa kazi. Sisi tujipime wenyewe, ili tufike kwenye pensheni tukiwa na nguvu za kubeba wajukuu. Jumapili hii chukueni kamba, baba, mama na vijana wakubwa, mjipime mlangoni. Wale ambao ncha zao hazikutana, na wale ambao mshipi wao unalegea bila sababu, Jumatatu waende kwenye kituo cha afya.

Macho yanaona mfuko. Mizani inaona mwili. Jipime!